Ukihamia Muscat, Utashabikia Timu Gani?

Barabara ya kutoka Al Hamra kwenda Muscat ina urefu wa kilomita 200 hivi, na karibu kila mji ulio njiani una klabu yake ya mpira. Ukiteremka kutoka chini ya Jabal Shams unakutana na njia ya Bahla, mji wa ngome na vyungu, ambao vijana wake wamewahi kupanda hadi ligi kuu. Mbele kuna Nizwa, makao makuu ya mkoa wa Dakhiliyah, yenye klabu na uwanja mkubwa wa michezo. Ukiiacha Nizwa unapita Samail, nayo ina klabu. Kisha, kabla barabara haijateremkia pwani, inakuja Fanja, kijiji cha mitende kando ya bonde, ambacho jina lake analijua mpenda soka yeyote wa Ghuba aliyeota mvi. Baada ya Fanja ni Seeb, na Seeb ndiyo lango la Muscat.

Kijana wa Al Hamra aliyepata kazi mjini huipita njia hiyo yote. Wiki yake ya kwanza kazini, kwenye chai ya saa nne, lazima ataulizwa: "Wewe timu gani?" Dar es Salaam swali hilo lina majibu mawili tu, na mwenye jibu la tatu huchekwa. Muscat majibu ni mengi, na pengine ndiyo maana wengi hawajibu. Huyu atasema Real Madrid, yule Liverpool, na wenye kwao Unguja au bara watasema Simba au Yanga. Timu ya mtaa wanaolala, ambayo uwanja wake uko dakika chache kwa gari, haimo kinywani mwa mtu.

Basi wikiendi hii tuulizane. Mtu aliyehamia mji mkubwa achague vipi timu ya kushabikia? Na je, ana haja ya kuchagua, ilhali amekwisha kuzaliwa na moja?

Kila wilaya na yake

Klabu ya Oman si ya tajiri mmoja. Ni jumuiya ya michezo na utamaduni iliyosajiliwa na serikali, na siku hizi iko chini ya Wizara ya Utamaduni, Michezo na Vijana. Zipo klabu zaidi ya 40 nchini, na nyingi zimebeba jina la mji au wilaya: Nizwa, Bahla, Samail, Bidiya, Al-Mudhaibi. Al Hamra nayo ina yake. Ibra, mji wa koo za Al-Harthi na Al-Barwani ambako Kiswahili bado kinasikika barazani, klabu yao ni Al-Ittifaq.

Chini ya kila klabu kuna timu za vijiji na mitaa, ambazo Waomani huziita timu za ahli, yaani za wenyeji. Hizi hazina mishahara wala mikataba. Mchezaji ni mwalimu wa skuli, askari, fundi umeme, au mwanafunzi aliyerudi likizo. Jezi hununuliwa kwa mchango, na jina la mfadhili lililo mgongoni mara nyingi ni la duka la jirani. Wizara imeziandalia timu hizi mashindano yake, yanayojulikana kama Shajji' Fariqak, na katika mashindano hayo vijiji visivyowahi kutajwa redioni hupata siku yao.

Anayetaka kuona mapenzi ya timu yanavyozaliwa aende uwanja wowote wa kijiji cha Dakhiliyah usiku wa Ramadhani, baada ya tarawehe. Taa zimewashwa, na nje ya mwanga huo milima inaonekana kama ukuta mweusi. Wazee wamekaa kwenye viti vya plastiki nyuma ya mstari, kanzu nyeupe na kofia za kushonwa kwa mkono, zile zile ambazo Unguja huvaliwa Ijumaa. Dele la kahawa linazunguka, kikombe kidogo kwa kila mtu, na asiyetaka tena anakitikisa. Watoto wanagombania kuokota mpira ulioingia mitendeni. Mtangazaji ana kipaza sauti kinachokoroma na anamtaja kila mchezaji kwa jina la baba yake, kwa hiyo beki akikosea, aliyekosea ni mtoto wa fulani, na fulani mwenyewe yuko palepale kwenye kiti cha plastiki anasikia.

Shabiki wa namna hiyo hakuchagua kitu. Ameikuta timu kama alivyoukuta mfereji wa falaji unaogawia mashamba maji. Mzee aliyezaliwa Unguja, Tabora au Bujumbura, akarudi Oman baada ya mwaka 1970 pale Sultan Qaboos alipowaita Waomani wa ng'ambo, naye alikabidhiwa timu pamoja na nyumba: kijiji cha babu yake ndicho kilichomwamulia.

Sur, mji mmoja timu tatu

Sur ni habari nyingine. Mji huu wa mabaharia, uliokuwa ukipeleka majahazi Lamu, Mombasa na Unguja kwa upepo wa kaskazi na kuyarudisha kwa kusi, una klabu tatu: Sur, Al-Orouba na Al-Tali'a. Zote tatu ni za mji huo huo na watu hao hao. Al-Orouba imetwaa ubingwa wa ligi zaidi ya mara moja, ukiwemo wa msimu wa 2014-15. Klabu ya Sur imewahi kulitwaa Kombe la Sultani. Al-Tali'a haina makombe ya kulinganisha na hao, lakini ina watu wake.

Hapo ndipo shabiki wa Kariakoo atajisikia yuko nyumbani. Watani wanakutana msikitini, sokoni na harusini, na mechi ya Ijumaa inazungumzwa hadi Alhamisi ya pili. Mjini humo ndimo alimozaliwa Ahmed Mubarak, maarufu kwa jina la Kano, kiungo aliyelelewa Al-Orouba na kuichezea timu ya taifa mechi zaidi ya 170, idadi ambayo wachezaji wachache duniani wameifikia.

Lakini hata Sur mtu hachagui kwa uhuru mkubwa. Anachaguliwa na baba, na mjomba, na rafiki wa utotoni. Swali letu linaanza pale mtoto huyo wa Sur, au mwenzake wa Al Hamra, anapopanga chumba Al Khoud au Al Maabila na kujikuta hana baba wala mjomba wa kumwamulia.

Alhamisi jioni mji unahama

Muscat ina tabia yake. Tangu Mei 2013 mapumziko ya wiki Oman ni Ijumaa na Jumamosi, na ikifika Alhamisi alasiri barabara ya Nizwa inajaa magari yanayokwenda juu. Mtu wa Al Hamra anakwenda Al Hamra, wa Ibra anakwenda Ibra. Wanakwenda kuwaona wazazi, kuangalia mitende, kuhudhuria harusi au kupeleka rambirambi. Mji mkuu unabaki na wenyeji wake wa asili, wafanyakazi wageni, na viwanja vyenye viti vitupu.

Hiyo ndiyo sababu kubwa inayofanya ligi ya Oman, yenye wachezaji wazuri, ionekane kwenye televisheni kama inachezwa kwa siri. Watu wa mpira wapo, na ni wengi. Ila kila mmoja ana kwao, na kwao si hapo. Wahenga walisema nyumbani ni nyumbani hata kama ni pangoni, na hakuna anayewalaumu wenye kurudi.

Siku ambayo mji huu ulikuwa na timu moja inajulikana. Tarehe 17 Januari 2009, kwenye Uwanja wa Sultan Qaboos huko Bausher, Oman iliifunga Saudi Arabia kwa penalti na kutwaa Kombe la Ghuba kwa mara ya kwanza, baada ya kupoteza fainali mbili zilizotangulia. Kipa Ali Al-Habsi hakuruhusu bao mashindano yote. Watu walikesha barabarani, na hapana aliyeulizwa wilaya yake. Mwaka 2018, nchini Kuwait, wakalichukua tena, safari hii mbele ya Umoja wa Falme za Kiarabu, na tena kwa penalti. Timu ya taifa, kwa hiyo, haina mgogoro. Mgogoro ni wa siku za kawaida, pale Seeb inapocheza na Bausher na wewe umekaa mkahawani unatazama mechi ya Manchester.

Muscat imejaa timu

Mgeni hudhani Muscat ni mji mmoja. Ukweli ni mfululizo wa miji midogo iliyopangwa kati ya mlima na bahari, na karibu kila kipande kina klabu. Mashariki, Sidab, kijiji cha wavuvi nyuma ya mji wa kale, kuna Al-Ahli, waliotamba na Kombe la Sultani miaka ya 1980. Ruwi na vitongoji vyake wana klabu ya Muscat, iliyozaliwa kwa kuunganishwa klabu za zamani na iliyotwaa ubingwa wa ligi msimu wa 2005-06. Al Khuwair kuna klabu iitwayo Oman. Bausher ina ya kwake. Quriyat, upande wa kwenda Sur, nayo hali kadhalika.

Halafu kuna Seeb. Ndiyo wilaya yenye watu wengi kuliko zote nchini, na familia nyingi zinazozungumza Kiswahili zimejenga huko: Al Khoud, Al Mawaleh, Al Hail, Al Maabila. Tarehe 22 Oktoba 2022, mjini Kuala Lumpur, Al-Seeb chini ya kocha mzalendo Rashid Jaber waliifunga Kuala Lumpur City 3-0 na kuwa klabu ya kwanza ya Oman kutwaa Kombe la AFC. Fikiria klabu ya Afrika Mashariki imelibeba kombe la bara ugenini kwa mabao matatu. Magomeni wangefunga mitaa kwa wiki nzima. Kuna watu wanaoishi umbali wa kutembea kwa miguu kutoka makao ya Al-Seeb ambao habari hiyo waliisoma kwenye simu kama habari ya nchi ya kigeni.

Na Fanja? Kwa mtu wa Dakhiliyah huyu ndiye kishawishi kikubwa. Fanja ni ya mkoa wake, ni miongoni mwa klabu zenye mataji mengi ya ligi, na mwaka 1989 ilitwaa ubingwa wa klabu za Ghuba kabla ya klabu nyingine yoyote ya Oman. Ilirudi tena kuwa bingwa wa nchi 2012 na 2016. Kijiji kidogo kiliwaburuza Muscat, Salalah na Sur kwa miaka. Mtu wa Al Hamra anayeona timu ya wilaya yake ipo madaraja ya chini anaweza kusema: hawa ni watu wa kwetu, na wako njiani. Si jibu baya.

Simba na Yanga za mbali

Baina ya Waswahili wa Oman kuna jibu jingine. Mechi ya watani wa jadi ikichezwa saa kumi na moja jioni Dar es Salaam, Muscat ni saa kumi na mbili, magharibi inakaribia. Wanaume wanasali, wanarudi mbio kwenye televisheni, na chai ya maziwa inapoa. Yanga ilipoifunga Simba 5-1 Novemba 2023, simu za Muscat zilipokea kejeli sawasawa na za Temeke. Simba ilipocheza marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho na RS Berkane tarehe 25 Mei 2025, mechi ilikuwa Uwanja wa Amaan, Unguja, na wapo waliotamani kupanda ndege. Sare ya 1-1 ikawapa Wamorocco kombe, kwa kuwa Simba walikuwa wameshafungwa 2-0 ugenini.

Mapenzi hayo ni ya kweli na yana mizizi. Yanga ni ya mwaka 1935 na Simba ya 1936, na wazee wengi waliorudi Oman walikuwa wameshachagua upande wao kabla hawajapanda meli au ndege. Wengine wana Malindi, klabu ya Mji Mkongwe iliyoasisiwa 1942. Hakuna wa kuwaambia waache.

Ila Dar es Salaam yenyewe inatufundisha jambo. Mji wa mamilioni ya watu umegawanywa na timu mbili za Kariakoo hadi timu za mitaa zimekosa hewa. Azam wamejenga uwanja Chamazi, na KMC ni timu ya manispaa ya Kinondoni, lakini mkazi wa Kinondoni aliyevaa jezi ya KMC siku ya mechi na Yanga ni nadra kama mvua ya Muscat. Dar wana mashabiki wengi na timu mbili. Muscat ina timu nyingi na mashabiki wachache. Kila mji unakosa alichonacho mwenzake.

Zanzibar imetuonyesha pia kwamba timu ya mtaa si ya kudharau. Mlandege walitwaa Kombe la Mapinduzi 2023, na Januari 2024 wakalitetea kwa kuifunga Simba 1-0 kwenye fainali. Usiku huo kuna Wazanzibari, Simba wa tangu utotoni, waliojikuta hawajui walie au washangilie.

Basi uchague vipi?

Kipimo cha kwanza ni umbali. Timu ya kuishabikia mjini ni ile unayoweza kutoka kazini, ukaswali alasiri, ukafika kabla mpira haujaanza. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na timu ya mbali haikufahamu. Ukikaa Al Khoud ni Seeb. Ukikaa Ghubra nenda Bausher. Ukikaa Ruwi ni Muscat. Ukikaa Al Khuwair ipo Oman. Usihesabu makombe kwanza. Anayekwenda Seeb kwa sababu ya kombe la 2022 ataondoka siku watakapofungwa mechi tatu mfululizo. Anayekwenda kwa sababu yuko jirani atakuwepo.

Kipimo cha pili ni watoto. Klabu hizi zina timu za vijana, na mtoto aliyezaliwa Al Maabila hana kijiji kingine zaidi ya Al Maabila, hata kama kitambulisho cha baba kinasema Al Hamra. Baba akimpeleka mazoezini Jumatatu na Jumatano, atajuana na mababa wengine, na baada ya miezi michache atakuwa na watu wa kumsaidia siku ya msiba. Kwa mhamiaji, hiyo ndiyo faida kubwa ya timu kuliko alama tatu.

Kipimo cha tatu ni uvumilivu. Jiulize: timu hii ikishuka daraja, nitakwenda? Kama jibu ni hapana, hiyo siyo timu yako, ni kipindi cha televisheni. Wenye shaka wakumbuke Ali Al-Habsi. Kabla ya Norway, kabla ya Bolton na Wigan, kabla ya kuwa Muomani wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, alikuwa kipa wa Al-Mudhaibi, klabu ndogo ya Sharqiyah isiyotajwa na mtu wa nje. Waliomwona wa kwanza ni wale wachache waliokwenda uwanjani wakati hapakuwa na cha kwenda kuona.

Kuna hoja inayopinga haya yote, na ni nzito. Ami yake yule kijana atamwambia: "Mwanangu, wewe ni wa Al Hamra. Utavaaje jezi ya Seeb? Tukikutana nao kwenye Kombe la Sultani utakaa wapi?" Swali la haki. Kijana ajibu kwa adabu kwamba siku hiyo atakaa na ami yake. Wilaya ina haki ya damu, na haki hiyo haipotei kwa kuhama. Alhamisi jioni, barabara ya Nizwa ipo wazi. Lakini mtaa unaokulisha nao una haki, na mtu anayekaa mahali kwa miaka ishirini bila kujua hata jina la golikipa wa hapo amebaki msafiri tu.

Kosa la wengi ni kudhani moyo una nafasi ya timu moja. Mswahili wa Oman ana nafasi zaidi: ana Simba au Yanga kwa ajili ya utani, ana klabu ya wilaya kwa ajili ya damu, ana timu ya taifa kwa ajili ya bendera. Kinachokosekana ni ile ya nne, ya miguu, ambayo mtu huiendea mwenyewe. Na hiyo ndiyo pekee kati ya zote inayomhitaji hasa. Simba haitajua kama umekosa mechi. Bausher, yenye watu wachache jukwaani, itajua.

Kwa hiyo, wewe uliyehamia Muscat, iwe umetoka Al Hamra, Ibra, Sur au Mombasa, fungua ratiba ya ligi, tafuta klabu iliyo karibu na unapolala, na mechi ijayo ya nyumbani nenda na mtoto mmoja. Ukifungwa, rudi wiki inayofuata. Timu za mji huu hazijakosa wachezaji wala viwanja. Zimekosa wewe.